Toleo la Tano la Mzee Ndama

Madereva wa bodaboda wa stendi ya Katoro, mkoani Geita, ndio waliomtambua kwanza. Basi la kutoka Kahama lilikuwa limesimama, na mzee mmoja mrefu, mwembamba, akashuka kinyumenyume, ameshika vyuma vya mlango kwa mikono miwili kama mtu anayeteremka kisimani. Kichwani alivaa kofia ya pama iliyokunjwa ukingo mmoja. Begani alining'iniza redio kwa kamba ya katani, na mkononi alishika mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Mzee Ndama huyo," alisema dereva mmoja.

"Acha utani."

"Itazame kofia. Itazame redio."

Wakaanza kucheka, mmoja baada ya mwingine. Mzee aliwasikia, akadhani Katoro ni mji wa watu wachangamfu. Akawasogelea.

"Shikamoo Mzee Ndama," walimwamkia.

"Marahaba wanangu. Ila mimi siitwi Ndama. Mimi Maduhu, natoka Mhunze. Baba yake Asteria mchoraji."

Kicheko kikarudi kikubwa zaidi. Madereva wawili wakagombania kumbeba, na aliyeshinda akasema baba wa Asteria halipi nauli katika mji huu.

Asteria alikuwa juu ya ngazi, akichora kichwa cha mwanamke kwenye ukuta wa saluni, aliposikia sauti ya baba yake ikimwita kwa Kisukuma. Alipogeuka akamwona amekaa nyuma ya pikipiki, anacheka kama mwenye harusi, na nyuma yake watu wa sokoni wanasogea kutazama. Brashi ilimponyoka. Rangi nyekundu ikamwagikia sketi yake.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema mzee, "hukuniambia kwamba mji mzima unanijua."

Asteria alishuka, akapiga magoti kumwamkia, na akakaa na uso chini kuliko heshima ilivyotaka.

Maisha yake yalikuwa ya rangi. Mchana aliandika mabango: bucha, saluni, duka la dawa, karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Asubuhi, kabla jua halijakaza, alichora hadithi za picha, na hiyo ndiyo aliyoiita kazi. Hakuna kampuni iliyomchapishia. Alichora kwa penseli, akapitisha wino, akazipeleka kurasa kwa rafiki yake Mwanaima, mwanamke wa Kigoma mwenye duka la kutoa kopi karibu na soko. Mwanaima alizitoa kopi, wakazikunja na kuzipiga pini pamoja. Wachuuzi wakazitembeza stendi, minadani, na kwenye maduara ya wachimbaji, ambako watu wanaosubiri zamu ya kushuka shimoni hutaka kitu cha kuwachekesha.

Mwanzoni alichora mashujaa wenye misuli, na hakuna aliyenunua. Kisha akamchora mzee wa kijijini, mwenye kofia ya pama na redio ya kamba, anayebishana na yule dada wa kwenye simu anayesema namba unayopiga haipatikani. Akampa jina la Mzee Ndama. Toleo hilo liliisha haraka. Katika jingine Mzee Ndama aliingia saluni, akakutana na mzee mwenzake ndani ya kioo, akampisha apite, na yule naye akampisha, mpaka jioni. Watu walicheka mpaka wakamfuata Asteria barabarani kumuuliza mzee atafanya nini tena.

Yote hayo yalikuwa ya Maduhu kweli. Asteria alibadilisha jina tu. Aliwahi kujaribu kumvua kofia na kumnyang'anya redio, lakini mzee akawa mzee yeyote tu, hana uhai kwenye karatasi. Akamrudishia.

Shida ilikuwa toleo la tano.

Miaka michache nyuma, Asteria alipokuwa anajiandaa kuondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha Geita, baba yake alimchukua mpaka zizini, mahali ambapo mama hakuweza kuwasikia. Akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Watu wote wa Mhunze, na mama pia, waliamini kwamba ng'ombe wa familia walikufa kwa ugonjwa wa ndigana wakiwa malishoni mbali. Haikuwa kweli. Maduhu aliwauza, akaenda Geita, akanunua dhahabu kwa mtu aliyevaa vizuri na kuzungumza taratibu. Alipofika kwa mnunuzi, akaambiwa amebeba unga wa kufuli kuukuu la shaba lililosagwa kwa tupa.

"Nakuambia wewe kwa sababu unaenda kuishi na watu wale," alisema siku hiyo, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Usimwamini mtu anayezungumza taratibu. Na mama yako asijue."

Asteria aliliweka jambo hilo moyoni. Halafu ukafika mwezi ambao hakuwa na wazo lolote. Wachuuzi walikuwa wanauliza, Mwanaima anauliza, na kila alichochora alikifuta. Asubuhi moja mkono wake ukaanza wenyewe kumchora mtu anayesaga kufuli kwa tupa, ulimi umemtoka pembeni kwa bidii, na Mzee Ndama anasubiri nje ameshika kofia. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Alijua palepale kwamba si yake. Akajiambia baba hajui kusoma, na Mhunze ni mbali. Akamaliza. Katika ukurasa wa mwisho Mzee Ndama alirudi nyumbani akalia mbele ya mkewe kwamba ng'ombe wameuawa na ndigana, huku kufuli likichungulia mfukoni. Wachimbaji, ambao wengi wao waliwahi kutapeliwa au kutapeli, walicheka toleo hilo mpaka likatolewa kopi tena na tena.

Sasa mwenye hadithi alikuwa amekuja kumtembelea.

Siku zile Maduhu alizunguka sokoni kama diwani. Wauza nyanya walimjazia mfuko. Vijana wa karasha walimwita awasalimie. Kila alipopita watu walitabasamu, na yeye akavua kofia kuwajibu, jambo lililowafanya wacheke zaidi, kwa kuwa hata Mzee Ndama huvua kofia hivyohivyo. Asteria alitembea nyuma yake akiwa na uso unaowaka. Alitamani awaambie waache, lakini angewaambia waache nini? Yeye ndiye aliyewafundisha kumcheka.

"Umewafanyia nini watu hawa?" baba yake alimuuliza wakila. "Nimeishi Mhunze tangu nizaliwe, sijawahi kuheshimiwa namna hii. Ni kwa ajili yako."

"Kula baba," alisema Asteria. "Ugali unapoa."

Mzee alitaka kuiona hiyo kazi inayopendwa. Asteria alimzungusha kwa visingizio, mpaka asubuhi moja Maduhu akaenda mwenyewe dukani kwa Mwanaima. Asteria alipopata habari alikimbia, na akamkuta amekaa kwenye benchi, miwani ya kuazima puani. Mwanaima hakujua lolote. Alikuwa ameshamchagulia toleo la tano.

"Hili ndilo tamu kuliko yote baba," alikuwa anasema. "Watu wanalitafuta mpaka Ushirombo."

"Njoo unisomee," Maduhu alimwambia binti yake. "Nione nilivyosomesha."

Asteria akakaa kando yake. Maneno yalikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuweza kusoma hata moja. Akaanza kutunga. Alisema huyu ni mzee anayeuza ng'ombe ili ajenge nyumba. Alisema huyu mwenye shati zuri ni fundi. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa, akifungua kurasa polepole. Kisha akafika kwenye ile picha. Akaweka kidole.

"Huyu anasaga nini?"

"Dawa," alisema Asteria. "Anasaga dawa ya mifugo."

Maduhu alifungua ukurasa uliofuata, na uliofuata, akaufikia wa mwisho, akamtazama yule mwanamke wa kwenye picha aliyeshika kichwa akilia. Mashine ya kopi ilikuwa inaunguruma. Mwanaima, aliyeona kuna kitu kimeharibika, akaizima.

"Kusoma sijui," alisema mzee. "Macho ninayo."

Akavua miwani, akamrudishia Mwanaima kwa mikono miwili, akamshukuru. Kijitabu akakiacha kwenye benchi. Walirudi nyumbani, na njiani watu waliendelea kumwita na kucheka. Safari hii Maduhu hakuvua kofia. Aliishusha mpaka karibu na macho, akatembea akitazama miguu yake. Asteria alielewa kwamba baba yake alikuwa anahesabu upya kila salamu aliyopewa tangu ashuke kwenye basi.

Mlangoni aliuliza jambo moja tu.

"Kimefika Mhunze?"

Asteria alitamani kusema hapana. Lakini kulikuwa na mchuuzi mmoja, Fredy, aliyebeba fungu zima kwenda minada ya Kishapu, kulekule Mhunze iliko.

"Sijui baba. Huenda kimefika."

"Kesho nitaondoka na basi la kwanza. Usinisindikize."

Akaondoka. Asteria alisikia mlango ukifunguliwa alfajiri, na akabaki kitandani akitii, ingawa kutii huko kulimuuma kuliko kama angefukuzwa.

Aliyepiga simu kesho yake alikuwa mama. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Baba yako amefika jana. Hata maji hakunywa. Amenikalisha akaniambia habari ya ng'ombe."

"Mama, mimi..."

"Subiri nimalize. Ng'ombe nilishawalilia, siwezi kuwalilia tena. Na yeye nimemwelewa, aliona aibu. Lakini wewe ulijua. Watu wa Katoro walijua. Wachimbaji wa huko shimoni walijua. Mimi niliyekuwa nawakamua wale ng'ombe ndiye wa mwisho kuambiwa, na kwenye karatasi yako, baba yako anasema, umenichora nimeshika kichwa kama mjinga."

Asteria hakuwa amelifikiria hilo. Siku zote hizo alikuwa amemwonea baba yake aibu, na hakuwahi hata mara moja kumtazama yule mwanamke wa ukurasa wa mwisho. Alimchora kwa haraka, ili kicheko kikamilike. Alisema samahani, na neno lenyewe likasikika dogo masikioni mwake. Mama akasema salama, akakata.

Asteria alimwambia Mwanaima asitoe tena kopi hata moja. Akampigia Fredy arudishe zilizobaki, na Fredy akamjibu kwamba hakuna kilichobaki, mnada mzima umecheka. Akapanda basi kwenda Mhunze.

Alimkuta baba yake akirekebisha boma la mbuzi. Alipiga magoti kwenye vumbi, akaamkia, akaitikiwa, lakini mzee hakuacha kufunga miti.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Asteria.

"Ungeniuliza."

"Ndiyo baba."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Angeweza kusema alisahau, au alidhani ni jambo dogo. Alikuwa na majibu mengi ya namna hiyo, aliyoyapanga ndani ya basi.

"Kwa sababu ungekataa," alisema. "Na mimi nilikuwa naitaka ile picha."

Maduhu alisimama na kamba mkononi, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Hapo umesema kweli," alisema. "Leo mnadani wameniita Ndama. Nimeitika. Nifanye nini? Nikikataa ndiyo watazidi." Akarudi kwenye miti yake. "Nenda kwa mama yako. Yeye ndiye uliyemkosea zaidi. Mimi ng'ombe niliwauza mwenyewe."

Mama alimpokea, akampa chakula, akamwacha aoshe vyombo kama binti yeyote wa nyumba. Hakukizungumzia kijitabu. Lakini majirani walipoingia na kumuuliza Asteria anafanya kazi gani siku hizi huko Geita, mama alimtangulia kujibu.

"Anaandika mabango," alisema, na maneno hayo yalimkaa Asteria kifuani safari nzima ya kurudi.

Mzee Ndama hakutoka tena. Wasomaji walilalamika, na madereva wa stendi walimwambia Asteria waziwazi kwamba amejiona mkubwa. Hakuwaeleza. Alikaa muda mrefu bila kuchora hadithi yoyote. Alipoanza tena, alikwenda kwanza kwa mama lishe mmoja wa mialoni, kule wanakooshea dhahabu, akamwomba ruhusa ya kumchora. Mama yule akashangaa, akasema hajawahi kuombwa ruhusa na mtu katika mji huu, kisha akakataa. Asteria akamshukuru, akaenda kwa mwingine. Kazi yake ilikwenda polepole, na haikuchekesha kama zamani.

Nyumbani alipiga simu kila Jumapili. Zamani baba yake ndiye aliyekuwa anazungumza mpaka salio linaisha: nani amegombana na nani, mbuzi gani ameingia kanisani, mganga gani amekimbiwa na mkewe. Sasa alisema "tupo", akasema mvua imenyesha au haijanyesha, akampa mama simu. Hakuwa mkali. Aliacha tu kumsimulia, na Asteria, aliyekuwa amelelewa na masimulizi yale, alijua ni kitu gani kimefungwa na nani amekifunga.

Jumapili moja, masika yalipokuwa yanaisha, mzee alisema tupo, mvua imenyesha vizuri, pamba inapendeza. Kisha hakumpa mama simu. Asteria alisikia akikohoa kidogo.

"Kuna jambo limetokea hapa kwa jirani," alisema. "Hili si la kuchora."

"Sichori baba."

"Wala usimwambie yule rafiki yako wa mashine."

"Simwambii."

Kisha akaanza kusimulia, kwa sauti ya chini, akisitasita mwanzoni kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Asteria alikaa sakafuni, akasikiliza mpaka mwisho.