Veranda ni Nyumba

Bibi yangu aligawa mali kwa mdomo, siku tatu kabla hajafa. Alikuwa amekaa kitandani, na sisi tumesimama kando ya ukuta. Alisema maneno machache. "Ardhi ni ya Galo. Nyumba ni ya Bisenta. Msigombane." Kisha akaomba supu.

Kwetu Kagman, kisiwani Saipan, maneno ya namna hiyo yakishasemwa mbele ya watoto hayarudiwi. Tulimzika, tukasali rozari siku tisa, tukawapikia watu wali mwekundu mpaka sufuria zikatoboka. Siku ya kumi Mjomba Galo akaja na koleo.

Bisenta ni mama yangu, na Galo ni kaka yake mkubwa. Nyuma ya nyumba nilikuwa na kitalu cha bangi, miche sita, maana sheria inaruhusu sita, na cheti tumekibandika jikoni chini ya picha ya Bikira Maria. Bibi ndiye aliyenianzishia. Alichemsha maua yake polepole katika mafuta ya nazi, akampaka Mama miguu. Sukari imemharibu Mama mishipa, na anasema kutembea ni kama kukanyaga makaa. Mafuta hayamponyi. Yanampa muda wa kukaa na watu bila kuuma meno. Bibi alipokufa, chupa ilikuwa imebaki nusu.

Mjomba alisimama juu ya kitalu. Niliuinua mkono wake nikaugusisha puani, kama tunavyowaamkia wakubwa, kwa sababu heshima ni heshima.

"Ng'oa," akasema.

"Kwa nini, Mjomba?"

"Kwa sababu anayepanda ndiye anayekaa. Leo bangi, kesho migomba, keshokutwa unanionyesha mpaka wako uko wapi. Nawajua nyinyi wanawake wapole. Mnamnyang'anya mtu shamba huku mnammiminia kahawa."

"Na miguu ya dada yako?"

"Nitapanda mimi. Akitaka mafuta, aje kuomba. Kwani kuomba kunauma?"

Mama alikuwa dirishani, amesikia yote. Aliangalia chupa iliyokuwa kwenye kizingiti, kisha akaangalia miguu yake.

Mimi si msemaji. Kanisani huimba kwa kufungua mdomo tu. Lakini siku ile nilisikia sauti yangu inasema, "Basi nitapanda bila ardhi."

Mjomba alicheka mpaka akashikilia koleo. "Utapanda hewani?"

Nilikata vitawi sita kutoka kwenye miche yangu, nikavitia kwenye aproni, nikaingia ndani. Kabla sijafika mlangoni nilisikia koleo linazama kwenye udongo. Wiki ile ile alipanda miche yake sita palepale, kwenye udongo niliokuwa nimeulisha majani makavu na maganda ya mayai kwa miaka mitatu. Miche ile nayo ilitokana na vitawi vya miche yangu.

Nilikwenda kwa Manang Perla. Ni Mfilipino, na Manang kwao ni dada mkubwa. Alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye shamba la saladi za hoteli, ambako saladi hazikuwahi kuona udongo. Zilikaa kwenye maji yenye mbolea mpaka siku ya kuliwa. Hoteli ilipofungwa, Manang alibeba ndoo nyumbani kama ukumbusho.

"Bangi na saladi ni ndugu," aliniambia, "ila mmoja ana tabia." Alinipa ndoo sita nyeusi, na vikapu vidogo vya plastiki vya kukaa juu ya mifuniko iliyotobolewa. Akanipa pia mfuko wa kokoto nyepesi, mbolea ya unga, na chupa ya matone ya kupimia uchachu wa maji.

"Mashine yake iko wapi?" niliuliza. Nilikuwa nimesikia kwamba wanaopanda kwenye maji wana pampu.

"Pampu ni kwa watu wenye umeme wa kuaminika. Wewe unaishi nchi gani? Jaza ndoo mpaka maji yaguse chini ya kikapu. Mmea ukinywa, maji yatashuka. Mizizi ya juu itapumua, ya chini itakunywa. Usijaze tena mpaka juu, utaizamisha. Na matone yakiingia kwenye maji, nataka rangi ya njano ya embe. Kijani, hapana. Bluu, nipigie simu."

Sikuandika. Darasa la sita sikulimaliza, na kalamu hunichelewesha. Nilirudia maneno yake njia nzima.

Nilipanga ndoo kwenye veranda, upande wa asubuhi. Mjomba akaja kuziangalia, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hata darasa la sita limekushinda, sasa unafanya sayansi."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na hii veranda imesimama juu ya ardhi ya nani?"

"Bibi alisema nyumba ni ya Mama. Veranda ni nyumba."

"Umeme ukikatika vitakufa vyote."

"Havina waya, Mjomba."

Akainama, akatafuta waya. Akazunguka ndoo zote sita. Alipoinuka uso ulikuwa umemwiva, na Mama ndani akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko.

Wiki mbili za kwanza mizizi ilishuka majini, myeupe kama tambi. Niliinua mifuniko kila saa kuiangalia, mpaka Mama akasema nitaitia baridi. Wiki ya nne ncha za majani zikaanza kukauka. Zilijikunja na kuwa rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nilipunguza mbolea. Zikaendelea. Nikafunika ndoo jua lisizipashe joto. Mche mmoja ukafa, kisha wa pili.

Mjomba alipita na migomba begani. "Mimea inamlilia mama yake," akasema. "Udongo ni mama. Nyinyi mmeipa mama wa kambo wa plastiki." Nyuma yake miche yake ilikuwa imefika kiunoni, minene, inang'aa. Ilikuwa kama kumwona ng'ombe wangu akikamuliwa na mtu mwingine.

Chupa ya mafuta ilibaki vidole viwili. Mama alianza kupaka mguu mmoja leo, wa pili kesho. Hakuniambia. Niliona mwenyewe.

Siku hiyo nilipiga magoti kando ya ndoo, nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi. Nilichovya ndoo ya pili. Chumvi zaidi. Nilikaa chini sakafuni nikajisikia mjinga kuliko mtu yeyote kisiwani.

Maji ya bomba ya Saipan hatuyanywi. Mtoto wa miaka mitatu anajua hivyo. Yanatoka kwenye visima vilivyoonja bahari. Tunaoga, tunafua, tunamwagia bustani, na ya kunywa tunanunua kwenye madumu. Bustani haikuwahi kulalamika, kwa sababu kila mvua iliosha udongo na kuishusha chumvi chini. Kwa hiyo nilijaza ndoo zangu kwa mpira wa bomba, kama nilivyomwagilia kitalu maisha yangu yote. Lakini ndoo haina pa kuishushia chumvi. Mmea unakunywa maji, chumvi inabaki, nami naongeza maji mengine yenye chumvi.

Nilimpigia Manang Perla. "Bomba?" akasema. "Bomba la hapa? Mungu wangu, Tomasa. Shambani tulitumia mvua tu. Sikukuambia, nilidhani hata kuku anajua."

"Kuku anajua," nikasema. "Mimi ndiye sikujua."

Bibi alikuwa na tangi la zege la mvua, la zamani, lakini liko kwenye ardhi, na Mjomba alikuwa ameshalitia kufuli. Nikaangalia juu. Bati la nyumba. Nilipanda ngazi nikafunga mifereji ya bati niliyoitoa kwenye banda la kuku lililoanguka, nikaielekeza kwenye mapipa mawili ya bluu, nayo nikayaweka verandani. Mjomba alikuja kusimama chini ya ngazi.

"Hiyo mvua inaanguka kwenye ardhi yangu."

"Haijafika kwenye ardhi, Mjomba," nikasema. "Imeishia kwenye bati la Mama."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilikuwa juu yake, na maneno yalishuka vizuri.

Mvua ilikuja Alhamisi. Nilimwaga ndoo zote, nikaosha mizizi kwa mkono kama ninayemnawisha mtoto, nikajaza maji mapya. Matone yakatoa njano ya embe. Baada ya siku tisa majani mapya yalitoka, kijani mpaka nchani. Minne iliyobaki ilianza kukimbia. Mwezi wa nane nilikata vitawi vichache nikavitia kwenye vikopo vya kioo vya jemu dirishani jikoni, navyo vikaota mizizi. Mwezi wa tisa maua yakaanza kunenepa. Siku chupa ya Mama ilipoisha, redio ilisema tufani inakuja.

Mjomba alifunga miche yake kwenye vigingi kwa kamba za nailoni. Alifanya kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Mimi nilibeba ndoo. Nne, moja baada ya nyingine, mpaka bafuni, kwa kuwa bafu letu ndilo lenye dari la zege. Upepo ulipoanza asubuhi tuliingia sisi wawili na kufunga mlango. Mama alikaa juu ya kifuniko cha choo, ndoo mbili kulia, mbili kushoto, vikopo vya jemu mapajani.

"Nimezungukwa kama bi harusi," akasema.

"Bi harusi anayenuka bangi."

"Wa siku hizi wote wananuka hivyo."

Upepo ulilia mpaka jioni. Tulisikia bati moja linang'oka, kisha la pili. Mama alishika ua moja kati ya vidole viwili, taratibu, na hakuliachia mpaka kimya kiliporudi.

Tulipotoka, mabati mawili hayakuwapo, na mapipa yalikuwa yamelala barabarani. Hayo yanarekebishika. Kilichonisimamisha ni rangi. Kagman nzima ilikuwa ya kahawia. Upepo ulikuwa umeinua bahari ukaimimina juu ya kila jani kwa saa kumi, na miti ilionekana kama imepitiwa na moto. Miche ya Mjomba ilikuwa bado imesimama kwenye vigingi vyake. Kamba hazikulegea hata moja. Lakini majani yalikuwa yamekaangwa, na udongo uliokuwa wangu ulikuwa na ukoko mweupe juu yake.

Nilirudisha ndoo verandani. Umeme haukuwapo kisiwa kizima. Mimea yangu haikujua.

Mjomba alikuja siku ya tano. Nilimwamkia, mkono puani. Alikaa kwenye ngazi, akatazama maua, akatazama vikopo dirishani.

"Nimefikiri," akasema. "Rudi kwenye kitalu. Nimekusamehe."

"Sijakosa, Mjomba."

"Basi nipe vitawi nipande upya. Sisi ni damu moja."

"Miezi sita iliyopita pia tulikuwa damu moja."

Mama alitoka, akajishikilia mlangoni. Nilidhani atanikanya. Alikaa kwenye kiti chake akanyoosha miguu mbele ya kaka yake, pekupeku, ili aione.

Mjomba aliinua mkono kuelekea dirishani. Nikasimama kati yake na vikopo.

"Nikiwa na miaka sita," nikasema, "ulinipeleka msituni kuchuma pilipili. Nilichuma moja bila kusema kitu, ukanipiga kofi mkononi. Ulisema, hapa pana wenyewe. Mtu haingii, hachumi, hata hakojoi, kabla hajaomba ruhusa kwa mizimu ya wazee inayokaa pale. Ulinifundisha maneno yake."

"Hayo ni ya msituni."

"Hapa pia pana wenyewe."

"Unataka nikuombe wewe? Mimi nikuombe wewe?"

"Kwani kuomba kunauma?"

Akageuka kumtazama Mama. Mama alikuwa anatazama barabarani, kana kwamba kuna gari analolisubiri.

Jogoo wa jirani aliyenusurika tufani aliwika mara mbili. Halafu Mjomba akavua kofia, akasema yale maneno, yote, kwa lugha ya wazee, jinsi alivyonifundisha. Kwamba anaingia kwa heshima. Kwamba anaomba kuchukua kidogo, na siku wenyewe wakifika kwake, wachukue nao. Sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu.

Nilimpa kikopo kimoja. Mizizi ilikuwa inaonekana ndani ya maji.

"Usikitie kwenye udongo," nikasema. "Una chumvi. Na maji ya bomba usiguse."

"Nitakiweka wapi?"

"Sijui, Mjomba. Ardhi ni yako."

Alishuka ngazi akikishika kwa mikono miwili ili maji yasimwagike. Mama akaniomba nianze kuchagua maua, lile aliloshika bafuni liwe la kwanza, na nikaenda kutafuta mkasi. Niliporudi Mjomba alikuwa bado pale nje, katikati ya uwanja, anageuka huku na huku na kikopo chake, anatafuta mahali pa kukiweka.