Nani Alitangulia Kushuka Mtini

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Biashara huria, vyama vingi, mabasi ya watu binafsi, mitumba kila kona ya mtaa wa Mazwi, na wahubiri wenye jenereta na vipaza sauti waliogombania viwanja na wauza mitumba. Mimi sikuwa na ugomvi na lolote kati ya hayo. Nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya kutwa huku Malangali, na nilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Baiolojia, naye alikuwa na mdomo.

Jina lake Malimi. Kijana wa Kisukuma, baba yake alihamia Ilemba na ng'ombe wake, na mtoto akasoma mpaka akatushinda sisi Wafipa aliotukuta hapa. Alifundisha vizuri kiasi kwamba hata watoro sugu walirudi darasani kwenye vipindi vyake. Tatizo ni kwamba hakuweza kumwona Mfipa akamwacha apite bila kumtania. Sisi na Wasukuma ni watani, na mtani hanuniwi, hilo nalijua. Lakini kuna utani wa barabarani na utani wa msibani. Utani wa mbele ya kidato cha nne, katika kipindi cha Baiolojia, mimi nilikuwa sijawahi kuusikia.

Mada yenyewe ipo kwenye muhtasari wa wizara: mabadiliko ya viumbe, na binadamu akiwemo. Malimi aliianza kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, darasa zima likamkodolea macho. Akahamia Kiswahili, wakaamka. Na kwa kuwa walikuwa wameamka, kijana mmoja mtundu anaitwa Flavian akanyoosha mkono na kuuliza, kati ya Wafipa na Wasukuma, nani alitangulia kushuka mtini.

Mwalimu mwenye akili angemwambia akae chini. Malimi akajibu kwamba Wasukuma walishuka mapema kwa sababu ng'ombe hawapandi miti, lakini Wafipa walibaki juu muda mrefu sana, mpaka siku waliposikia harufu ya ugali wa ulezi. Nilikuwa ofisini, nikasikia kicheko kikipasua ukuta. Nikafurahi, nikajisemea leo watoto wanaelewa somo.

Katika darasa lile alikuwemo Salome, binti wa mdogo wangu Eustace. Nyumbani ananiita shangazi, shuleni ananiita mwalimu, na hajawahi kukosea. Salome alitaka uuguzi tangu alipomuuguza bibi yake, mama yetu, mwaka mzima, akimlisha na kumgeuza kitandani. Chuo cha uuguzi hakimtazami mtu usoni wala hakiulizi alimuuguza nani. Kinatazama alama ya Baiolojia. Na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili na kidogo.

Jioni ileile Salome alirudi nyumbani akasimulia somo lote, na utani akausimulia pia. Kesho yake hakuja shule. Keshokutwa hakuja. Nikatuma mtu, nikaletewa jibu kwamba baba yake amesema hawezi kumpeleka mtoto mahali anapofundishwa kuwa ametokana na nyani. Nikasema sawa, ni hasira za siku mbili, zitapoa. Zikaingia wiki ya pili.

Kumbe maneno yalikuwa yameshavuka mji. Mchungaji Benjamini, yule wa kanisa la turubai pale Mazwi, aliyasikia, na usiku wa mkutano wake akayatangaza kwa kipaza sauti: shule ya serikali inafuta Mwanzo sura ya kwanza. Katekista wetu Zenon, ambaye kwa miaka yote alipita mbele ya shule yangu bila kuuliza tunafundisha nini, akaona akikaa kimya waumini watamdhani hana imani kama ya Mchungaji. Naye Jumapili akalisemea baada ya misa, tena kwa ukali zaidi. Ikabidi niitishe mkutano wa wazazi.

Sijawahi kuongoza kikao cha kipuuzi kama kile, na nimeongoza vingi. Mchungaji alitaka kipindi cha Baiolojia kianze na kitabu cha Mwanzo. Zenon akasema haina shida, ila isomwe Biblia ya Kikatoliki. Mchungaji akauliza kwa nini iwe hiyo yenye vitabu vya ziada. Zenon akamwambia havijazidi kwetu, vimepungua kwao. Wakaendelea hivyo mpaka kivuli cha jengo kikahama, wakati sura waliyoigombania ni ileile katika Biblia zote mbili. Nyani alishasahaulika kabisa.

Akasimama mzazi mmoja, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, akasema sasa hivi ni soko huria. Serikali imeleta uchangiaji, wazazi wanatoa ada na michango ya madawati, na anayelipa ndiye anayechagua bidhaa. Mwingine akaunga mkono, akaongeza kwamba nchi ina vyama vingi, kwa hiyo suala la asili ya binadamu lipigiwe kura. Watu wakapiga makofi. Nikawaambia muhtasari hauna uchaguzi, na msahihishaji wa mtihani hajui kura ya Malangali. Nikawaambia swali likija litajibiwa au litaachwa, na alama zikienda zimekwenda. Walinisikiliza kwa adabu kabisa, kisha wakaunda kamati ndogo.

Eustace alikuwepo. Alikaa nyuma kwenye benchi, mikono kifuani, hakufungua mdomo mwanzo mpaka mwisho. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Mtu amemfungia mtoto ndani kwa jambo zito hivyo, halafu linapojadiliwa anatazama dari.

Sikungoja kamati. Nilitoka pale na vumbi langu la chaki nikaenda moja kwa moja kwake. Wifi yangu Margareth alikuwa anapeta ulezi uani, na Salome anapepea moto jikoni, macho mekundu, nikajisemea ni moshi. Sikutaka kujua zaidi. Nilimwuliza wifi kama mumewe amehamia kwa Mchungaji. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka, akasema huyo hata misa anaenda kwa kusukumwa. Akaniambia niende nikamwulize habari za kilabuni, kisha hakungoja, akanisimulia mwenyewe.

Ndipo nikaelewa. Kumbe tangu siku ile, kwa kuwa alionekana kuununia ule utani, Eustace akiingia kilabuni kunywa pombe ya ulezi, hakuna anayemsalimia. Wanamwambia ashuke kwanza mtini. Wasukuma wanamwambia, Wafipa wenzake wanamwambia, na mwuza pombe anamuuliza kama huko juu kuna baridi. Mtu mzima, baba wa watoto, anarudi nyumbani kabla ya jua kuzama kwa sababu ya aibu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba. Nikamwuliza bila hata kuketi kama ni kweli mtoto anakosa shule kwa sababu ya kilabu.

"Dada, yule ni mtani wangu," akasema. "Kunitania ni haki yake. Lakini amenitania mbele ya mwanangu, mahali ambapo mimi siwezi kuingia kumjibu. Huo si utani tena, hayo ni matusi."

"Na Mungu je?"

"Mungu anajua alivyoniumba. Mimi nataka yule kijana ajibiwe."

Nilitamani kumchapa kama nilivyokuwa nikimchapa zamani. Mji mzima umegawanyika kwa ajili ya Adamu, katekista na mchungaji hawasalimiani, kamati inakunywa soda zangu, kumbe mwenye mtoto anadai zamu yake ya utani. Lakini nilikuwa na haraka na mtihani, si na heshima. Nikamwambia kesho aje darasani, ajibu, aondoke, na mtoto abaki.

Alikuja amevaa koti la harusi yake. Salome alikuja nyuma yake na sare iliyopigwa pasi. Malimi nilikuwa nimeshamwambia, naye kwa hilo hakuhitaji kufundishwa: alimsogeza Eustace mbele, yeye akaenda kusimama pembeni ameinamisha kichwa kama mshitakiwa. Hata Flavian alikaa wima.

Eustace akakohoa. Akasema amesikia Wafipa walichelewa kushuka mtini, na ni kweli kabisa. Walichelewa kwa sababu walikuwa wanaangalia chini, wanamwona Msukuma ameshashuka na anazungukazunguka kwenye shina akitafuta mkia wake, anadhani umeibwa na majirani. Wakaogopa kushuka, wasije wakashitakiwa.

Darasa lililipuka. Malimi alicheka mpaka akashika ubao, akaja akampa mkono mtani wake kwa mikono miwili, akamwambia amekubali, ameshindwa. Eustace aling'aa uso kama mtu aliyerudishiwa shamba. Mimi nilishusha pumzi. Nilidhani limekwisha.

Salome alikuwa bado amesimama mlangoni. Hakuwa amecheka.

"Baba," akasema, "kwa hiyo haikuwa habari ya Mungu?"

Eustace akaendelea kutabasamu, akasema hayo ni mambo ya wakubwa, akae asome.

"Nilikuwa naomba kila usiku," Salome akasema. "Nilidhani nikisoma lile somo nitamkosea Mungu, na nisiposoma nitakosa chuo. Nikaamua bora nikose chuo. Sasa mimi nilikaa nyumbani kwa ajili ya nini?"

Eustace alinitazama mimi, nikamwacha anitazame, kwa sababu nilikuwa nimesimama uani kwao jana nikasingizia moshi, na kwa sababu katika kikao chote kile, kati ya watu wazima tuliojaa pale, hakuna aliyefikiri kumwuliza Salome.

Salome hakulia. Alikwenda kwenye kiti chake, akafuta vumbi kwa kiganja, akakaa, akamwuliza mwalimu wenzake wamefika wapi. Malimi akaanza kumtajia mada walizomaliza, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, na baba yake akasimama palepale mbele ya darasa, na koti lake la harusi, akizisikiliza mpaka ya mwisho.