Gari la Diko la Chini

Siku Verla alipofariki, pikapu yake ilikuwa tayari imeegeshwa mtoni, kwenye diko la chini. Aliipeleka huko jioni iliyotangulia, mdogo wake Rhoda akamrudisha nyumbani kwa gari lake, kama walivyofanya kila walipopanga kwenda kuvua: gari moja chini, watakapotokea, na jingine juu, watakapoingilia majini. Mto New una mbio. Ukishaingia na kayaki yako, kimtumbwi cha mtu mmoja, unateremka nao tu, hakuna kurudi ulikotoka, kwa hiyo huko mwisho sharti pawe na gari. Asubuhi Rhoda alipofika kumpitia dada yake, alikuta gari la wagonjwa mlangoni, na shemeji yake Denzil amesimama barazani bila viatu. Moyo wa Verla ulisimama akiwa anamimina kahawa kwenye chupa ya kwenda nayo mtoni.

Siku za msiba zikapita. Majirani walileta vyakula mpaka mlango wa friji ya Denzil ukakataa kufunga. Hakuna aliyeikumbuka pikapu, hadi askari wa hifadhi alipopiga simu kuuliza kama kuna mtu wao aliyezama.

“Hapana,” Denzil alimjibu. “Mwenyewe alifia jikoni.”

Alipokata simu alimgeukia Rhoda. “Kesho mpwa wangu atanipeleka nikaichukue.”

“Haichukuliwi hivyo, shemeji.”

“Inachukuliwaje? Kwa posa?”

“Gari la chini haliendewi kwa barabara. Verla aliliacha pale litungoje tukitoka majini, na mimi nitalifikia kwa maji.”

“Peke yako?”

“Na nani tena? Na wewe?”

Denzil alikuwa ameendesha treni za makaa kando ya mto huo maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kulowa hata kifundo cha mguu. Aliyaogopa yale maji kama anavyoogopa daktari wa meno.

“Rhoda, mvua imenyesha kule juu. Nimeshazika mmoja, na suti yenyewe bado iko kwa dobi.”

“Nimeangalia kipimo cha maji. Mto unapitika.”

“Kipimo hakikujui wewe. Verla ndiye aliyekuwa anatangulia, wewe unafuata mgongo wake. Aliniambia mwenyewe.”

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Miaka yote hiyo Verla ndiye aliyechagua njia katikati ya mawe. Rhoda alikazia macho kofia ya njano ya dada yake na kupiga kasia pale alipopiga mwenzake. Kama hakuweza kuteremka bila ile kofia mbele yake, basi walimzika dada, na mto nao wakauzika siku hiyohiyo. Alitaka kujua.

“Ndiyo naenda kuona,” alisema.

Kesho yake akaenda. Aliacha gari lake diko la juu, akaisukuma kayaki, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Kabla ya mawe makubwa ya kwanza alijibanza ukingoni, akasikiliza ngurumo na kutazama. Povu lilikuwa kila mahali. Kisha akakumbuka jinsi Verla alivyokuwa akimpigia kelele: “Tafuta palipo laini, mtoto! Pale panapong'aa kama nguo iliyopigwa pasi! Na usiegemee nyuma, hujakaa saluni!”

Palikuwapo. Kipande chembamba cha maji laini, katikati ya mawe mawili. Akainama mbele, akalenga hapo. Wimbi lilimpiga kifuani, la pili likamjaza maji mapajani, halafu akajikuta upande wa chini, mzima, anacheka kwa sauti kama mwendawazimu.

Nyuma ya mwamba mpana, pale maji ya kasi yanapokutana na yaliyotulia, hapo ndipo wanapokaa samaki wakubwa aina ya besi. Kwa desturi yao, kurusha chambo mara ya kwanza mahali hapo ilikuwa haki ya mkubwa. Rhoda alishika fimbo ya kuvulia akangoja, mpaka zamu ya dada yake ilipopita. Ndipo akarusha.

Mshipi ulikaza kabla hajapepesa macho. Besi aliruka juu, akatikisa kichwa kwa hasira, akazama tena na kuizungusha kayaki kama sinia. Rhoda alimshika mdomo wa chini, akamwinua: rangi ya shaba, macho mekundu, mzito. Akamrudisha majini taratibu, akamshikilia mpaka alipopata nguvu.

“Haya, nenda,” alimwambia, kama Verla alivyowaambia wote. “Na adabu ujifunze.”

Alipotokea diko la chini, aliiona pikapu imejaa majani na chavua. Akaivuta kayaki nchi kavu, akatia mkono mfukoni mwa jaketi lake la kuelea. Hamna kitu ila ufunguo wa gari lake lililobaki juu. Akatafuta mfuko wa pili. Hapo ndipo ilipomjia: Verla ndiye aliyebeba funguo za magari yote mawili, siku zote, kwenye jaketi lake mwenyewe, nalo lilikuwa linaning'inia barazani kwa Denzil. Kila mvuvi wa mto ule amewahi kuteremka akaacha funguo juu. Rhoda hakuwahi, kwa sababu hakuwahi kupewa kazi ya kuzikumbuka. Na simu huko bondeni haishiki.

“Umetafuta kwenye soksi?”

Denzil alikuwa amekaa juu ya ndoo upande wa pili wa gari, anatafuna mkate uliookwa na soseji ndani.

“Umefika saa ngapi wewe?”

“Zamani. Nimeona funguo kwenye jaketi, nikasema huyu shemeji yangu majini samaki, nchi kavu ng'ombe. Mpwa wangu akanishusha.”

“Mbona hukuliendesha ukaenda zako?”

“Si ulisema haliendewi kwa barabara? Nimelilinda tu. Hata kitasa sijagusa.” Akamnyooshea funguo. “Fungua wewe.”

Waliketi ndani, milango wazi, wakagawana mkate. Denzil akasema, “Nilikuwa nikipita na treni naiona ile kofia, napiga honi. Yeye anainua kasia juu bila hata kugeuka. Alikuwa anasema nini?”

“Alikuwa anasema, ‘Huyo wangu.’ Halafu samaki anamponyoka, anakulaumu wewe.”

Denzil alitazama maji, akitabasamu huku machozi yakimtoka.

Siku hizi Jumamosi wanatumia gari moja tu. Denzil humpeleka Rhoda diko la juu, humsaidia kubeba kayaki mpaka ukingoni, kisha huendesha kwenda chini kumngoja. Majini haingii.