Mwenye Shughuli

Mume wangu anakodisha maturubai. Iwe harusi, msiba, mahafali au mkutano wa chama, ukimpigia simu atakuja na pikapu lake, atashusha nguzo, atafunga kamba, na watu wako watapata kivuli. Wanamwita Nguzo. Wengi hudhani jina limetokana na kazi, lakini sababu ni kwamba turubai likishasimama, na yeye husimama. Atabaki kwenye nguzo ya kati, mkono mmoja juu yake, mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Chakula huletewa pale pale, akala kwa mkono uliobaki.

Sina ugomvi na kazi yake. Mimi ni fundi cherehani, na mishono yote ya maturubai yale ni yangu. Ugomvi wangu ni mmoja tu, na una picha.

Siku ya harusi ya binti yetu, mshereheshaji aliwaita wazazi wa bibi harusi mbele. Viti viwili vilikuwa vimewekwa, vimefungwa utepe nilioukata mwenyewe. Kulikuwa na upepo kidogo, upepo wa kukausha leso. Mume wangu alinipungia mkono kutoka kwenye nguzo akasema, "Tangulia, nakuja." Nikatangulia. Picha ile imetundikwa sebuleni kwetu mpaka leo: mimi nimekaa, nimenyooka kama niko kwa daktari wa meno, na pembeni yangu kuna kiti chenye utepe mzuri sana. Wageni wakiiona hunipa pole. Wanadhani nimefiwa. Halafu mume wangu anaingia na sinia la chai, wanashtuka.

"Nakuja" ndilo neno lake. Hulisema bila kusogeza mguu.

Binti yetu ana chumba cha wageni kisicho na wageni, na kila akipiga simu ananiambia, "Mama, njoo ukae na mimi, hata mwaka." Safari moja nikaona isiwe tabu. Nilifunga begi, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumba chetu, mahali ambapo mlango haufunguki sawasawa bila mtu kujiuliza kuna nini. Mume wangu alijaribu kuufungua mara mbili, kisha akachungulia.

"Hili begi linaenda wapi?"

"Kwa binti yako."

"Kwa muda gani?"

"Si unaona lilivyo kubwa."

Alisimama pale mlangoni, ameshika fremu. Akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia nataka akae. Akauliza akae wapi. "Popote," nikasema. "Pembeni yangu. Siku moja nzima, mahali ambapo hakuna shughuli ya mtu. Ukiweza, begi nitalifungua. Ukishindwa, litaondoka, na mimi nimelishika." Sikupandisha sauti. Nilikuwa nimeshalia wiki nzima iliyopita, wakati yeye yuko kwenye mahafali ya watu.

Haki yake nitampa: wazo la ziwa lilikuwa la kwake. Mteja mmoja alikuwa amemsimulia kuhusu hifadhi ya ufukweni mwa ziwa, mchanga mtupu, watu wanalala kwenye mahema, hakuna kipaza sauti wala viti vya kupanga. "Twende tukapige kambi, mama," akasema. "Mimi na wewe." Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Nikamwambia abebe hema dogo, basi.

Getini tulimkuta mlinzi wa hifadhi, mwanamke wa makamo, sare imepigwa pasi mpaka mfukoni. Nyuma yake kulikuwa na kibao cha makatazo: usiwashe moto mchangani, usifungulie redio kwa sauti, usifanye mkusanyiko bila kibali. Aliangalia nyuma ya pikapu.

"Mko wangapi?"

"Wawili," mume wangu akasema.

Akaangalia tena nyuma ya pikapu. "Wawili," akarudia, akainua kizuizi.

Kule nyuma niliona nguzo, lakini nguzo hazikosekani kwenye pikapu lile, kama vile pini hazikosekani kwenye magauni yangu. Mpaka alipolikunjua turubai ndipo nilipolitambua. Lilikuwa lile la manjano, la watu hamsini.

"Nilisema dogo," nikamwambia.

"Hili ndilo dogo."

Na kweli, kati ya yote aliyonayo, ndilo dogo. Nikashusha viti viwili vya plastiki.

Ufuko ule ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Mchanga mweupe mpaka majini, maji yametulia, na watu wachache na vihema vyao vya rangi rangi. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni mti. Miti yote ilikuwa imeachwa kule nyuma ya vyoo, na hakuna anayesafiri mbali hivyo kuja kukaa nyuma ya vyoo.

Mume wangu alipigilia kigingi cha kwanza kwa nyundo. Kikaingia chote kwa pigo moja. Akakivuta kidogo kwa vidole viwili, kikatoka chote. Alikitazama muda mrefu. Maisha yake yote amefunga maturubai kwenye viwanja vya shule, kwenye nyua za watu, kwenye lami, na ardhi yote hiyo ilikuwa na adabu. Mchanga hakuwahi kukutana nao. Akajaribu vigingi virefu. Akajaribu kuvizika vikiwa vimelala. Kamba mbili akazifunga kwenye pikapu, nyingine mbili akazifunga kwenye mawe aliyoyatafuta mpaka akatoka jasho. Mwisho turubai lilisimama, kwa sharti moja.

Sharti lenyewe lilikuwa mtu aishikilie nguzo ya kati.

Nikakaa kwenye kiti changu. Pembeni yangu nikaweka cha kwake, nikakifuta mchanga kwa kiganja. Ziwa lilikuwa mbele yetu lote.

"Kaa basi," nikasema.

"Nakuja. Acha upepo utulie."

Upepo ulikuwa ule ule wa kukausha leso. Nikafikiria begi. Nikafikiria pia kama kwa binti nitapata mahali pa kuweka cherehani, maana chumba kile dirisha lake ni dogo.

Jua lilipofika utosini, watu wa vihema walianza kuiva. Wa kwanza kuja alikuwa bibi mmoja na wajukuu wake wawili. Hakuomba ruhusa. Aliona turubai, akaona mtu ameshika nguzo, akaona viti viwili mbele, na akili yake ikamaliza hesabu. Alikuja na kiti chake cha kukunja, akakiweka safu ya pili, akawakalisha wajukuu mchangani na kuwaambia wanyamaze. Kisha akaniinamia sikioni.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante," nikasema. Sikuona kosa kwenye pole ile.

Baada yake walikuja vijana wawili waliofunga ndoa juzi juzi, bado wanashikana mikono hata wakati wa kukunja mkeka. Hao walinipa hongera. Nikawashukuru pia. Akaja mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, na chupa ya chai. Ikaja familia nzima kutoka kwenye hema la bluu. Kila aliyefika alipanga kiti chake nyuma ya kilichotangulia, wote wakitazama mbele, na mbele kulikuwa na mimi na kiti kitupu. Waliongea kwa kunong'ona. Nilimsikia mmoja anamuuliza mwenzake kama ni harusi au msiba, na mwenzake anamjibu kwamba bado hawajatangaza.

Nikageuka kumtazama mume wangu. Mgongo umenyooka, mkono juu ya nguzo, macho kwenye kona za turubai. Tangu tuondoke nyumbani sikuwa nimemwona ametulia vile. Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli, hata nikasikia masikio yanapata moto. Nimemtoa kwenye shughuli za watu, nimemleta mwisho wa dunia, na shughuli imetufuata kwa miguu yake na viti vyake.

Dereva mstaafu naye alikuwa anaona. Akamwendea. "Mzee mwenzangu, nipe nikushikie, ukapumzike na mama."

"Hapana, asante. Utaishika vibaya."

"Nguzo?"

"Ina mshiko wake."

Dereva akarudi kwenye kiti chake. Akanimiminia chai, akaniletea. Niliipokea kwa mikono miwili.

Chai haijapoa, mlinzi wa hifadhi akatokea. Alikuja taratibu, anahema kwa kutembea mchangani na viatu vya ngozi. Alisimama kwenye ukingo wa kivuli, akahesabu vichwa kwa kidole.

"Mlisema wawili," akasema.

Wajukuu wa bibi walijificha nyuma ya sketi yake.

"Mkusanyiko bila kibali hauruhusiwi. Mwenye shughuli ni nani?"

Watu wakatazamana. Bibi akaonyesha kwa kidevu. "Muulize yule fundi wa turubai. Amekuwepo tangu mwanzo."

Mlinzi akamgeukia mume wangu. Na mume wangu, naapa, hakufikiri hata kidogo. Jibu lilimtoka kama linavyomtoka kila wiki, kwa askari, kwa majirani, kwa watu wanaodai muziki umezidi.

"Mimi ni wa turubai tu. Muulize mwenye shughuli."

Tena akaanza kumtafuta. Akapitisha macho safu ya nyuma, ya katikati, ya pili, anamtafuta mwenye shughuli wake, mpaka macho yakafika mbele na kunikuta mimi, na kile kiti.



Niliweka kikombe chini. Nikasimama, nikajikung'uta mchanga.

"Mwenye shughuli ni mimi," nikamwambia mlinzi.

"Shughuli gani?"

"Huyu mume wangu akae kwenye hiki kiti. Tumemsubiri tangu asubuhi. Mimi nimemsubiri zaidi."

Mlinzi alikitazama kiti, akamtazama mume wangu, akatazama kiti tena. Nadhani alikuwa anapitia makatazo yote kichwani.

"Itachukua muda gani?" akauliza.

"Sijui. Haijawahi kufanyika."

Alivua kofia, akajifuta paji la uso. "Basi ifanyike," akasema, "niandike kwamba imekwisha." Akaingia kivulini, akakaa kwenye ukingo wa mkeka wa maharusi.

Sasa watu wote walikuwa wamegeuza shingo kumtazama Nguzo. Maishani mwake hajawahi kutazamwa na watu wa shughuli, wao hutazama mbele. Alitazama kona za turubai, moja baada ya nyingine. Alinitazama mimi.

"Likianguka?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Likianguka limeanguka."

Aliinamisha nguzo taratibu kuelekea upande usio na watu, maana kazi ni kazi. Kisha akaiacha. Akaja. Hakusema "nakuja", alikuja tu, anapita kati ya safu huku turubai linamfuata kichwani, linashuka kidogo kidogo, na watu wanainamisha vichwa mmoja mmoja kwa heshima. Alifika, akakishika kiti kama mtu anayepima joto la maji, akakaa. Turubai likatua juu yetu sote.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliozoea shughuli ni wavumilivu. Kila mmoja alibaki kwenye kiti chake na turubai kichwani, akisubiri kuambiwa kinachofuata. Jua lilipenya kitambaa cha manjano, na ndani humo tukawa mimi na yeye tu, magoti yamegusana, na mshono wangu unapita katikati ya nyuso zetu. Wengine walikuwa karibu, nilisikia mtu anapiga chafya, lakini sikumwona yeyote. Mume wangu alikuwa anahema. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani bado, haujui pa kwenda. Niliuchukua nikauweka kwenye paja langu.

Nikakumbuka begi lililo nyuma ya mlango. Nikakumbuka pia kwamba nguo zangu zote nzuri zimo humo, na huku nimekuja na gauni la kupikia.

"Mama," akasema.

"Nakusikiliza."

"Kwenye ile picha. Kiti changu kilikuwa upande gani?"

Miaka yote ile alikuwa anapita chini ya picha na sinia la chai. Nilidhani haioni.

"Kushoto kwangu," nikasema.

Alikuwa amekaa kulia. Alinyanyuka, akainama, akakibeba kiti chake chini ya turubai, akazunguka nyuma yangu huku anaomba radhi kwa magoti ya watu asiowaona. Nikasikia bibi anasema pita tu, baba. Alichelewa kidogo, kisha akatokea upande wa pili, nywele zimejaa mchanga. Akakiweka kiti kushoto kwangu, akakinyoosha kikawa sawa na changu, akakaa. Safari hii mkono aliuleta mwenyewe.

Sauti ya mlinzi ilitoka mahali fulani ndani ya turubai. "Imekwisha?"

"Bado," mume wangu akamjibu. "Ndiyo kwanza tumekaa."