Dohani ya Khatibu

Miaka yote aliyokuwa mpangaji, Khatibu alikuwa bingwa wa kuwalaumu wenye nyumba. Bomba likivuja, mwenye nyumba. Paka akizalia stoo, mwenye nyumba. Basi Mungu si Athumani, biashara yake ya mapazia kule Fordsburg ikamnyookea, akanunua nyumba jiji hilo hilo, mtaa wa La Rochelle, na lawama zake zikakosa pa kwenda.

Julai ya 2017, katikati ya baridi kali ya kusini mwa Afrika, mama yake, Bi Nusaiba, alikuwa anakuja kutoka Tanga. Khatibu akaapa kuwa mama hatatetemeka nyumbani kwa mwanawe. Akanunua hita kubwa ya gesi, ile ya kufungwa ukutani, akamwita rafiki yake Bakiri, ambaye kazi yake ni kufunga madishi ya televisheni. Wawili hao wakaifunga katika chumba cha mgeni huku wakila sambusa za Tabia, mke wa Khatibu.

Tabia alikuwa anaanika nguo uani alipotupa jicho juu ya paa. Akaona bati tupu, pembe hadi pembe. Bomba la kutolea moshi wa hita halikuwapo.

"Bwana, dohani imetokea wapi?" aliuliza alipoingia ndani.

"Imeishia darini," Khatibu alijibu, kifua mbele. "Nikitoboa bati nakaribisha mvua. Halafu joto langu lote liende kuwapasha kunguru?"

"Sharp, kaka," Bakiri alimuunga mkono, mdomo umejaa sambusa.

"Dukani si walisema afunge fundi mwenye leseni, atoe na cheti? Walisema moshi wa gesi una sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu analala haamki."

"Cheti, cheti! Kwani nyumba hii ya nani?"

"Yako. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Khatibu akamjibu kwa kuviziba kwa matambara vile vitundu vya hewa vya ukutani, eti vinaingiza baridi.

Tabia aliogopa, tena aliogopa sana, maana kitanda cha mama mkwe kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye hita ile. Lakini alimjua mumewe. Ukimkosoa mbele ya watu, anakuwa jiwe. Na kumshitaki kwa mama yake siku ya kwanza, kabla bibi wa watu hajavua viatu, kungeitwa fitina. Akaamua kunyamaza na kutafuta udi.

Bi Nusaiba akafika alasiri hiyo hiyo. Khatibu akawasha hita, akamketisha mama sebuleni pamoja na Bakiri na majirani waliokuja kumwona, akaanza kutamba. Tabia akaenda kufukiza chumba cha mgeni kama ilivyo ada. Akachomoa matambara, akafungua dirisha wazi, akatia makaa ndani ya chetezo. Udi hakutia kipande, alitia fungu zima. Kisha akakishika chetezo chini ya mdomo wa dohani, pale inapoanzia juu ya hita, na moshi wote ukavutwa juu darini. Aliporidhika akarudi sebuleni kumimina kahawa.

"Mama, hita hii kiboko," Khatibu alikuwa akisema. "Moshi wake wote unakwenda zake. Ndani humu haurudi hata kidogo."

Hapo hapo uzi wa moshi ukateremka kutoka kwenye tundu la taa, ukatua juu ya kofia yake. Mwingine ukachungulia pembeni mwa dari. Wa tatu ukaja juu ya televisheni.

"Eish! Nyumba inaungua!" jirani mmoja akaruka.

Bi Nusaiba akainua pua. "Haiungui. Huu udi. Tabia mwanangu, umefukiza wapi?"

"Chumbani kwako, mama. Chini ya dohani."

"Na dohani inatokea wapi?"

Tabia akamtazama mumewe kwa heshima zote. "Mwenye nyumba si huyo hapo, mama. Yeye ndiye anayejua."

Bakiri akakumbuka ghafla kuwa ana shughuli mtaa wa Mayfair, akaaga.

"Inaishia darini, mama," Khatibu alisema.

"Udi tumeuona, tumeunusa, tumejua umerudi," Bi Nusaiba alisema taratibu. "Huo moshi wa gesi nao unanuka nini?"

"Haunuki."

"Una rangi gani?"

"Hauna, mama."

"Haya. Basi leo mimi nitalala na Tabia. Kitanda kile utalala wewe, na hita ikiwaka."

Khatibu aliona haya hadi macho yakamlenga machozi. Akaweka kikombe cha kahawa chini, akatoka nje kwenda kufunga mtungi wa gesi kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake akaja fundi mwenye leseni. Akabomoa kazi ya Bakiri, akaipitisha dohani hadi juu ya bati, akapima viungo vyote kwa povu la sabuni kuona kama vinavuja na kuandika cheti. Bi Nusaiba akalala kwenye joto mpaka baridi ikaisha.

Cheti sasa kimetiwa fremu sebuleni, na kila mgeni huonyeshwa. "Gesi si ya kuchezea," Khatibu humwambia. "Mimi nilisema tangu mwanzo." Tabia habishi. Humsogezea tu chetezo karibu na goti, naye Khatibu huuliza haraka kama kahawa imeiva.