Upepo wa Muzdalifa

Siku ya kliniki huko Maparoni, Mwanajuma alimvua binti yake gauni ili apimwe uzito, na kurasa za daftari la nesi zikaanza kufunuka zenyewe. Nesi Theopista, mtu wa bara aliyehamishiwa delta mwaka ule, alilaza mkono juu ya daftari.

"Upepo huu unamtoka kifuani tangu lini?"

"Tangu azaliwe, sista. Jikoni simkalishi karibu na moto, majivu hutapakaa."

Theopista alimsikiliza moyo kwa muda mrefu. Muzdalifa, mwenye miaka mitano na macho yaliyoinuka pembeni, alimshika pua.

"Moyo una tundu," alisema nesi. "Hali yake inaitwa Down, na wengi wenye hali hiyo huzaliwa na kasoro ya moyo. Huchelewa kutembea, huchelewa kusema. Huelewa polepole, lakini huelewa. Hukukosea kitu, Mama Muzdalifa."

Miaka yote hiyo mawifi walikuwa wakimwambia alivuka mto saa mbaya akiwa na mimba. Mwanajuma alimvalisha binti yake gauni.

"Tundu linazibwa?"

"Linazibwa, ng'ambo. Lisipozibwa, midomo yake itazidi kuwa ya buluu."

Barua ya kuomba apelekwe ng'ambo kutibiwa ilikwenda Utete, ikatoka Utete ikaenda Dar es Salaam. Masika ya pili yalipokwisha, wakaitwa. Walipanda mtumbwi, kisha lori, wakalala Bungu.

Katika ofisi ya matibabu ya ng'ambo, Dar es Salaam, umeme ulikuwa wa mgao na feni imesimama. Bwana Zebedayo, mkuu wa ofisi, alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye tai. Muzdalifa alimwamkia, akaketi mkabala naye, na pazia likaanza kucheza.

"Mfungulie vifungo kidogo," alisema Bwana Zebedayo. Akakandamiza faili kwa kikombe, akasoma.

"Kamati imeshakaa, mama. Nafasi ni chache, zinakwenda kwa watoto watakaosoma wakalitumikia taifa. Huyu, hata moyo ukipona, kichwa ni kilekile."

"Anachota maji. Anawajua watu wa kijiji kizima kwa majina. Juzi ndani ya lori alimbembeleza mtoto wa watu mpaka akalala."

"Sikatai."

"Nesi alisema linazibika."

"Linazibika," alikubali Bwana Zebedayo, akagonga muhuri.

Mwanajuma alimfunga binti yake vifungo kimoja kimoja. Mtoto alikuwa ameanza kuhema, akambeba mgongoni. Walipofika barazani, karani aliwafuata mbio.

"Mama, mpo mjini mpaka lini?"

Mwanajuma aligeuka upesi. "Hata mwezi tutakaa. Wamebadili?"

"Hapana. Ila umeme haurudi mpaka Ijumaa. Bwana anauliza kama mtoto anaweza kuja kesho mchana, akae tu."

Mwanajuma alikaza kanga iliyomshika mtoto. Muzdalifa, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu, alimwambia karani kwamba watakuja.