Kauri na Kabaidi

Adano alikuwa mnoa visu mjini Garsen, na mwaka wa mafuriko makubwa, tisini na saba, alikuwa na visu viwili vya ajabu. Kimoja, cheupe kama jino, kilikuwa cha kauri, udongo uliochomwa ukawa mgumu kuliko chuma. Aliletewa na shemejiye Mohdhar, baharia wa Kipini. Cha pili alikiunda mwenyewe: chuma cha kawaida, makalini amechomelea kipande cha kabaidi, aloi ngumu ya kukatia mawe, alichokitoa kwenye ncha ya mashine ya kuchimba visima.

Alivilinganisha mbele ya mkewe, Salama, na Mohdhar. Kabaidi iliichora kauri mstari. Kauri haikuacha alama yoyote kwenye kabaidi. Mohdhar alimwonya kwamba ugumu si uimara, vyote viwili vikipindwa huvunjika kama kigae. Adano aliitikia tu.

Asubuhi maji yalipofika mlangoni, walipakia vyombo kwenye mtumbwi kuelekea barabara iliyoinuka. Hawakufika mbali, mkondo uliupindua. Salama alisimama, maji yakimfika kifuani, asiweze kusogea. Kamba ya nailoni iliyonasa kwenye mti uliozama ilikuwa imemzonga kifundo cha mguu. Maji yalizidi kupanda, na jana yake mamba wawili walionekana pale pale.

Adano alivuta kisu cheupe kiunoni, akazama. Kilikata nyuzi kama siagi. Kwa haraka akakichomeka chini ya fundo na kukipinda ili alilegeze. Akasikia mvunjiko mdogo mkononi. Aliibuka na mpini wenye kipande cha kisu kirefu kama kidole tu.

Maji yalikuwa mabegani mwa Salama. Adano alitoa kiunoni kile cha kabaidi, lakini hakuthubutu kuzama. Kikivunjika na hiki, basi.

"Baba Nimo, usikipinde," Salama alimwambia mumewe taratibu. "Kikereze tu. Mimi sitatikisika."

Adano alizama. Kamba ilijaa mchanga, mchanga unaokula makali ya chuma chochote, lakini kabaidi haikujali. Akakereza mbele na nyuma, polepole kuliko moyo wake ulivyotaka, mara mbili akiibuka kuvuta pumzi, maji sasa yakimgusa Salama kidevuni. Mara ya tatu kamba iliachia.

Walivutwa na watu hadi barabarani. Salama alilala, mguu umevimba. Adano alikaa kando yake mpaka alasiri, kisu kikiwa bado mkononi, vidole vimekataa kukunjuka. Alipoulizwa kama aliogopa mamba, alisema hapana. Alichokuwa akikingoja kule chini kilikuwa mvunjiko wa pili, na hata sasa, alisema, bado anausikiliza.